Peugeot 404 ya Kataki iliyokimbia mizani

Wanunuzi wa vyuma walifika siku ya jumamosi asubuhi na mizani yao, ile ya kutundika kwenye muti kama ya kupimia nyama. Walikuwa na shoka mbili na chupa ya gazi ya kukatia. Motokari yenyewe ilikuwa Peugeot 404, zamani ya kijivu, sasa rangi yake haina jina. Ilikuwa imekaa juu ya magogo ndani ya garaje ya nyumba moja ya Kataki, hapa kwetu Kalemie. Matairi hakuna, batri hakuna, buibui wamefunga milango yote minne. Mama mwenye parseli alisimama pembeni, mikono kifuani. Hakuwa na furaha, lakini hakuwa anakataa.

Sisi tulikuwa tumepita kwa jambo lingine. Bwana yake, aliyefariki mwaka uliotangulia, alikuwa mwenzetu wa sendika tangu sisi tuko vijana wa kubeba koleo, na tulikuwa na karatasi ya pensheni ambayo mama alipaswa kutia sahihi. Tulipoona chupa ya gazi inashushwa, tukauliza: “Mama, unauza?”

“Bana yangu, nitafanya namna gani? Mutukulu wangu mwaka huu anaingia egzameni ya Serikali. Ile kintu haiyalipa minervali hata siku moja.”

Tulikuwa watano, wote kwa konje teknike. Asiyejua konje teknike tumueleze: kwenye karatasi wewe bado mfanyakazi, kwenye sahani wewe ni mtu wa bure. Kwa hiyo wakati tulikuwa nao, feza hatukuwa nazo. Tulitoka nje, tukasemezana dakika chache, tukarudi na mapatano: tunachanga nusu ya ile bei ya vyuma, tunamupa mama sasa hivi. Mwezi wa tano ukifika na motokari haijatembea, zile feza zinabaki zake, na mizani irudi. Mmoja wetu aliandika kwenye kaye, mama akasoma, akatia sahihi, sisi pia. Watu wa mizani walikasirika. Walisema tunamudanganya mujane juu ya mchezo wa wanaume. Tuseme kweli, siku hiyo hatukuwa na jibu.

Lazima tueleze kwa nini tulijitia katika jambo hili. Marehemu aliinunua hii motokari mwaka 1974 kule Manono, wakati kasiteriti ilikuwa bado inalisha jamaa. Mobutu alikuwa ametangaza Zaïrianisation tarehe 30 Novemba 1973, biashara na mashamba ya wageni yakapewa wenyeji, na Wazungu wengi walikuwa wanafunga masanduku. Mmoja wao alikuwa na 404 ambayo hangeweza kuibeba mpaka Bulaya. Marehemu alikuwa fundi wa pompa za kutoa maji kwenye mgodi, na mshahara wake haungetosha. Ni wenzake wa likelemba waliomuokoa. Walikuwa kumi na wawili, na kila mmoja alikubali kumuachia zamu yake, mwezi kwa mwezi, naye akawarudishia pole pole kwa muda wa miaka miwili na kitu. Malipo yake mengine yalikuwa ya namna ingine: mke wa mchimbaji akishikwa na uchungu usiku, ni ile 404 iliyomupeleka hospitali. Kuna watu hapa Kalemie leo, wana mvi, walizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha hii motokari kabla haijafika mlangoni. Tunaposema ni motokari ya wachimbaji, si maneno ya mkutano.

Mwanzo wa miaka ya 80, kazi ya Manono ilipozimika, aliiendesha kwa barabara mpaka Kabalo, akaipandisha kwenye vago la treni, akaja nayo huku kwenye ziwa.

Vijana wanatucheka tukisifu 404. Wanaona Toyota za Dubai zinapita, wanafikiri zamani watu walipanda sanduku. Basi wasikie. Peugeot ilianza kutoa 404 mwaka 1960, na mpaka inaisha walitengeneza zaidi ya milioni mbili. Moteri yake ya silinda nne, sentimita kibiki 1618, imelazwa upande ili kapo iwe chini. Mashindano ya Safari kule Afrika ya Mashariki, yale ya matope na mawe na punda-milia barabarani, 404 iliyashinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 zilianza motokari 84, na zilizofika mwisho ni 7 tu. Aliyekuwa wa kwanza ni Nick Nowicki na 404 yake. Mwaka 1968 tena zilifika 7, tena Nowicki mbele. Katikati, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland wa Tanzania, ng'ambo tu ya ziwa letu hili.

Huko Amerika, miaka ile ile, walikuwa na motokari zao za nguvu. Pontiac GTO ya mwaka 1964 ilikuwa na moteri ya litri 6 na zaidi, silinda nane, karibu mara nne ya 404. Mtoto wa mfanyakazi wa Detroit alikuwa anaweza kuinunua kwa mkopo na kukimbiza hewa barabarani. Leo wazee wa huko wanazifufua ndani ya garaje za nyumba zao, wanazipiga rangi kama bibi arusi. Hatuwaonei wivu. Lakini esansi ya kunywesha mnyama yule kutoka Kalemie mpaka Nyunzu ingetosha kulisha jamaa mwezi mzima, na kwenye shimo la kwanza tumbo lake lingebaki hapo. Kila nchi na nguvu yake. Hapa kwetu nguvu ni kufika.

Turudi kwenye garaje. Kiongozi wetu alikuwa Muzee mmoja, fundi wa zamani wa treni, macho yake yamechoka lakini vidole vyake vinaona. Sisi tulitaka kutia batri ya kuazima na kujaribu palepale. Alitukataza. “Mutu aliyelala miaka mingi, hamumuamushe na kofi.” Alituamuru kufungua bujii zote nne kwanza, na kutazama ndani ya silinda. Moteri iliyokaa bila kazi, pistoni zake zinashikana na kuta kwa kutu. Ukiilazimisha kuzunguka, unavunja segma, unakwaruza shemizi, na hapo watu wa mizani wanakuwa na haki.

Tulifungua bujii ya kwanza. Ncha yake ilitoka na mafuta. Ya pili, mafuta. Zote nne. Muzee alitia kijiti kirefu, akakitoa, akakinusa, akatutazama. Mafuta ya moteri, mazito, meusi, yalikuwa yamefunika kila kitu ndani.

Ni mama aliyetueleza. Agosti 1998, vita ilipokaribia Kalemie, watu walikuwa wanakimbilia mitumbwi ya kwenda Kigoma. Masanduku yamefungwa, watoto wamevalishwa nguo mbili mbili. Marehemu akaingia garaje na chupa ya mafuta.

“Batoto banalia, ye eko anamimina mafuta mu moteri! Nikamuambia: we mwanaume, unataka tufe juu ya chuma? Hakujibu. Alimaliza, akafunga, akanawa mikono. Akanawa na sabuni! Ndiyo tukaenda.”

Alikuwa ametia mafuta katika kila silinda, akazungusha moteri kwa manivele mara chache ili yaenee, akaziba bomba la moshi na mdomo wa karbirateri kwa matambara. Kisha akafungua delko na kutoa kile kidole kidogo kinachozunguka ndani na kugawa moto kwa bujii. Kipande cha plastiki, hakizidi kidole gumba. Bila hicho, motokari haiwaki hata ukiisukuma mpaka Makala. Alikitia mfukoni, akakaa nacho miaka yote kule kambi ya Lugufu, Tanzania. Wenye bunduki walipoingia parseli waliiba batri, radio, matairi yote na gurudumu la akiba. Motokari yenyewe haikuwaka, wakaiacha.

Aliporudi, mwaka 2006, aliipandisha kwenye magogo. Feza ya matairi haikupatikana. Halafu kifua kikaanza, kile kikohozi cha vumbi ambacho wengi wenu munakijua bila sisi kukieleza. Lakini kila mwaka mpya alikuwa anarudisha mafuta kidogo na kuzungusha moteri kwa mkono, robo moja, basi. Mwaka wake wa mwisho alimutuma mutukulu afanye, naye akakaa kwenye kiti mlangoni.

“Na kile kidole cha delko, mama?” Aliingia nyumbani. Alirudi na kopo la sindano na vifungo, akatafuta ndani, akakiweka kwenye mkono wa Muzee.

Watu wa ziwa wanajua kazi kama hii. Meli Liemba, ile ambayo wazazi wetu walipanda, Wajeremani waliiita Graf von Götzen. Ilijengwa kule Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa ndani ya masanduku mpaka Kigoma na kuungwa tena, ikateremshwa majini mwaka 1915. Julai 1916, walipoona wanashindwa vita, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi wake walipaka mashini zote grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mashini zilikuwa nzima, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Ilibeba watu na dagaa kwa zaidi ya miaka 80. Marehemu alikuwa anapenda kusimulia hiyo habari mbele ya bukari. Tulifikiri ni hadisi ya kupitisha wakati.

Pistoni zilikubali. Siku nne tulitia mafuta mapya yaliyochanganywa na mazuti, siku ya tano Muzee akashika manivele, kwa mikono miwili, taratibu, na moteri ikazunguka. Haikutoa sauti yoyote isipokuwa kama mtu anayemeza mate.

Usifikiri hapo ilikuwa mwisho. Ubishi mkubwa ulikuja wiki ile ile. Wawili kati yetu, vijana zaidi, walisema tutoe ile moteri yote, tutie ya Toyota, ambayo vipande vyake vinapatikana kila pahali. Si wazo la kijinga, na kuna motokari nyingi hapa mjini zinatembea na moyo wa wengine. Lakini ungelazimika kukata shasi, kubadili boti ya vitesi, na kuondoa ponti ya nyuma, ambayo kwenye 404 haifanani na zingine: ndani yake kuna parafujo ndefu ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi. Gharama ingezidi feza ya mizani mara nyingi. Tulipiga kura, tatu kwa mbili. Walioshindwa walikuja kesho yake kama kawaida na kle zao. Tunaandika hilo kwa sababu si kila mkutano wetu unamalizika hivyo.

Tanki la esansi lilikuwa limejaa kitu kama asali iliyoharibika. Tuliliosha na mazuti na changarawe ndogo, tukilitikisa wawili wawili mpaka mikono ikafa. Karbirateri, Solex ya kawaida, tuliifungua mezani kwa mama, juu ya kitambaa cheupe, ili tusipoteze hata tundu moja. Supapu tulizisugua moja moja kwenye viti vyao, kwa mkono. Lile shuka jembamba linalokaa kati ya kulasi na bloku lilibidi litoke Lubumbashi, na lilichelewa wiki tatu. Kauchu za freni tulizipata Kigoma, mwanamke mmoja muuza nguo akatuletea ndani ya boti, amezifunga pamoja na vitenge. Sakafu ilikuwa imeliwa na upepo wa ziwa. Tuliiziba na bati la pipa, na sudii tulipiga usiku, wakati umeme una nguvu. Rangi hatukupiga, na hatujutii.

Iliwaka mwezi wa tatu, siku ya alhamisi, karibu saa kumi. Mara ya kwanza ilikohoa na kutoa moshi mweusi kupitia paa la garaje, majirani wakafikiri nyumba inaungua. Mara ya tatu ikashika. Mama alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, akasimama, akasikiliza. Alisema: “Ni ye.” Kisha akarudi, bukari lisiungue.

Sasa tufike mahali ambapo tuligombana na karibu mtaa wote. Moteri inawaka, boti inashika vitesi, tairi za kuazima zimefungwa. Freni hakuna. Pedali inaenda mpaka chini kama mguu kwenye matope. Jumapili hiyo kulikuwa kilio katika jamaa ya mama, mwili unapaswa kwenda makaburini, na wakubwa wa jamaa wakaja garaje: toeni motokari, ibebe marehemu, ni heshima. Hata mwenzetu mmoja alisema tutaenda pole pole, kwa vitesi ya kwanza, na freni ya mkono.

Tulikataa. Waliita hayo kiburi. Shangazi mmoja wa jamaa alitupigia kelele mbele ya watu: “Munalinda chuma, maiti munaiacha!” Mama hakusema kitu. Hilo lilikuwa zito kuliko kelele.

Hatukuwa na kiburi. Tulikuwa na kumbukumbu. Miaka iliyopita, kampuni moja ilikuwa inatupeleka kazini ndani ya kamio ambayo dereva alikuwa amesema mara tatu, kwa maandishi, kwamba freni zake zimekufa. Jibu lilikuwa: endesha pole pole. Kwenye mteremko hakuna pole pole. Tulizika watatu, na zile barua tatu za dereva tunazo mpaka leo kwenye sanduku la sendika. Tutawezaje kuwaambia mabosi freni kwanza, kazi baadaye, kama sisi wenyewe, na motokari yetu, tunaanza na baadaye?

Mwili ulienda kwa pusu-pusu na wimbo, kama wengi wanavyoenda. Sisi tulitembea nyuma, na watu hawakutusalimia sana.

Baada ya hapo tulifanya kazi ya freni tu, siku tisa. Tulifungua tamburi zote nne. Silinda ndogo za magurudumu zilikuwa zimeshikana, tukazing'arisha kwa karatasi ya sanduku laini na maji, tukatia kauchu za Kigoma. Gariniti za zamani zilikuwa zimebaki nyembamba kama kucha. Muzee alikata zingine kutoka gariniti ya kamio, akazitoboa, akazipigilia riveti za shaba moja baada ya ingine, akisugua na kupima mpaka zikakaa sawa ndani ya tamburi. Bomba moja la chuma la upande wa nyuma lilikuwa limeoza. Tulibadili mawili, kwa sababu lililobaki lilikuwa na umri ule ule. Tulitoa hewa mara nyingi, mmoja anakanyaga, mwingine amelala chini, mpaka pedali ikawa ngumu kama jiwe. Kisha tukaijaribu kwenye uwanja mtupu, bila abiria, mara ishirini. Bado inavuta kidogo kushoto. Tunajua, na tunaendelea kuitafuta sababu.

Tarehe 27 ya mwezi wa nne, siku nne kabla ya mwezi tuliopatana, mutukulu alifungua mlango mkubwa na 404 ikatoka kwa nguvu zake. Muzee aliendesha, mama mbele, ameshika kibeti kwa mikono miwili. Sisi watano tulibanana nyuma, kosa dogo tunalikubali. Tulipita kituo cha treni, tukashuka kwenye bandari, tukageuka. Karibu na soko mtu mmoja mzee sana alisimama katikati ya barabara akainua fimbo yake. Tulisimama, na freni zilisimama nasi. Alizunguka motokari mara moja, akagonga paa, akataja jina la marehemu, akauliza kama ni kweli amekufa. Alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili wa likelemba.

Mama alitaka kwanza kuiuza. Mtu wa Moba alikuja na bei, na tulimuambia wazi kwamba ni bei nzuri, mali ni yake, uamuzi ni wake. Alilala juu ya jambo hilo siku mbili. Kisha akaja arusi moja ya Lubuye, wakaiomba kwa jumamosi, na kwa feza ya ile jumamosi na zile mbili zilizofuata, egzameni ililipwa. Mtu wa Moba alirudi bila motokari. Sasa inatoka kwa arusi, na kwa vilio pia, bila malipo kwa jamaa za wachimbaji. Hilo ni sharti mama mwenyewe aliloandika kwenye kaye, chini ya sahihi zetu. Yule shangazi alikuwa wa kwanza kuitumia. Hakutuomba samahani na hatukuitafuta.

Kaye inaonyesha pia deni: riveti za shaba hatujamaliza kulipa, na nauli ya yule mama wa vitenge. Kioo cha taa ya mbele ya kushoto ni cha motokari ingine, hakishiki vizuri, mvua inaingia. Mwenye nacho, hata kimepasuka kidogo kwenye ukingo, asikipeleke kwenye mizani. Apite Kataki, aulize motokari ya Manono. Hata watoto wanajua mlango.